Joto na mgandamizo: Siri iliyomo ndani ya mtungi wa gesi ya kupikia

MTUNGI wa gesi ya kupikia umekuwa sehemu ya maisha ya mijini. Unauzwa katika maduka ya mitaani, unabebwa kwenye bodaboda, unapangwa vibarazani kwa rangi za kampuni mbalimbali na kuwekwa jikoni, mara nyingi hatua chache kutoka mahali wanapolala watoto.

Hata hivyo, ni watumiaji wachache wanaofahamu kinachotokea ndani ya chombo hicho cha chuma. Wapo wanaoutikisa mtungi, wakasikia kitu kikicheza ndani kama maji, wakaamini kuwa wametapeliwa kwa kuuziwa maji badala ya gesi. Wapo pia wanaoulaza ubavu au kuupindua kichwa chini, miguu juu, pale moto unapofifia, wakidhani kwamba wanaikamua gesi iliyobaki.

Wengine, hususan katika maeneo yenye baridi, huusogeza mtungi karibu na moto ili "uchangamke", pasipo kujua kwamba kitendo hicho kinaweza kugharimu maisha yao na ya jirani zao.

Maswali yote hayo yana jibu moja, nalo linatokana na kanuni ya fizikia inayofundishwa tangu shule ya msingi: hali ya kitu, yaani kuwa yabisi, kimiminika au gesi, huamuliwa na mambo mawili yanayokwenda sambamba, ambayo ni joto na mgandamizo.

Joto hutawanya, mgandamizo hukusanya

Kila kitu kimeundwa kwa chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo molekuli. Chembe hizo hazitulii. Katika yabisi, kama vile barafu au chuma, zimeshikana na kutetemeka mahali pamoja. Katika kimiminika zinateleza zikipishana, ilhali katika gesi kila moja huenda njia yake kwa kasi kubwa, na nafasi iliyopo kati yake ni kubwa kuliko chembe zenyewe.

Joto linapoongezeka, chembe hizo hupata nguvu ya kukimbia na hatimaye kuachana. Ndiyo sababu barafu huyeyuka ikawa maji, na maji yakachemka yakawa mvuke. Joto likipungua, mwendo hupungua na chembe huvutana tena, mvuke ukarudi kuwa maji, na maji yakaganda kuwa barafu.

Mgandamizo, ambao katika vitabu vya fizikia huitwa pia kanieneo, hufanya kazi iliyo kinyume na hiyo. Huzibana chembe zikae karibu na kuzizuia zisitawanyike. Kwa hiyo kitu ambacho katika hewa ya kawaida ni gesi, kinaweza kulazimishwa kuwa kimiminika kwa kukigandamiza tu, bila ya kukipoza sana.

Kwa lugha nyepesi, kila kimiminika kimo katika mvutano baina ya joto linalotaka kukigeuza gesi na mgandamizo unaokizuia. Upande wowote ukipata nguvu zaidi, hali hubadilika.

Maharage ya Mbeya na sufuria ya Papin

Mfano ulio karibu na kila mtu ni maji ya kuchemsha. Wengi hukariri kwamba maji huchemka yakifikia nyuzi 100 za Selsiasi. Kauli hiyo ni kweli kwa wakazi wa usawa wa bahari, kama vile Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, ambako uzito wa hewa yote iliyo juu huyakandamiza maji kwa kiwango kinachohesabiwa kuwa mgandamizo mmoja wa angahewa.

Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo hewa inavyopungua na mgandamizo wake kushuka. Kwa kila mita 300 hivi za mwinuko, kiwango cha mchemko hupungua kwa takriban nyuzi moja. Mjini Mbeya, ulio katika mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, na hali ni kama hiyo jijini Nairobi. Katika kilele cha Kilimanjaro, chenye mita 5,895, ambako mgandamizo wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa pwani, maji huchemka kwa nyuzi 80 na kidogo.

Mama anayepika maharage katika nyanda za juu huyaona maji yakitokota kwa nguvu, lakini maharage hayaivi upesi. Kuongeza kuni hakusaidii kitu, kwa kuwa maji yanayochemka hayawezi kupanda joto zaidi. Moto unaoongezwa huishia kuyageuza maji kuwa mvuke, na si kuivisha chakula.

Dawa yake ilibuniwa zamani. Mwaka 1679, Mfaransa Denis Papin, aliyekuwa akifanya kazi zake Uingereza, alitengeneza chungu cha chuma chenye mfuniko uliofungwa barabara ili mvuke usitoke. Mvuke ulipokusanyika ndani, mgandamizo ulipanda, na maji yakashindwa kuchemka katika nyuzi 100. Akaongeza pia vali ya kuachia mvuke ukizidi kiasi, ili chungu kisipasuke.

Sufuria za presha zinazotumika majumbani leo ni wajukuu wa chungu hicho. Ndani yake mgandamizo hufikia karibu mara mbili ya ule wa hewa ya nje, na maji hufikia takriban nyuzi 120 kabla ya kuchemka, hivyo maharage yaliyokuwa yakimaliza saa kadhaa jikoni huiva kwa muda mfupi. Mtu anayeufungua mfuniko kwa nguvu kabla mvuke haujaisha, huondoa mgandamizo ghafla. Maji yaliyo na joto la zaidi ya nyuzi 100 huchemka yote kwa mkupuo, na chakula kikamrukia usoni.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyomo ndani ya mtungi wa gesi.

Gesi iliyokubali kuwa kimiminika

Gesi ya kupikia ya mtungini ni mchanganyiko wa gesi mbili kuu, propeni na buteni, za jamii inayopatikana katika visima vya mafuta na gesi au wakati wa kusafisha mafuta ghafi. Katika hewa ya kawaida, propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na buteni huchemka karibu kabisa na nyuzi sifuri. Maana yake ni kwamba katika mji wenye joto la nyuzi 30, zote mbili ni gesi tupu.

Lakini gesi hizo zina tabia moja njema: hukubali kuwa kimiminika kwa mgandamizo wa wastani. Katika joto la nyuzi 30, propeni hubaki kimiminika ikiwa imekandamizwa kwa takriban mara 10 ya mgandamizo wa angahewa, na buteni huhitaji karibu mara tatu tu. Mtungi wa chuma wa kawaida hustahimili kiwango hicho bila ya shida.

Kwa hiyo kinachosikika kikicheza ndani ya mtungi si maji, bali ni gesi yenyewe ikiwa katika hali ya kimiminika. Juu yake kuna nafasi iliyojaa mvuke wa gesi hiyo hiyo, na mvuke huo ndio unaotoka kwenda jikoni.

Faida yake ni kubwa. Lita moja ya kimiminika hicho, ikiachiwa katika hewa, huwa takriban lita 250 za gesi. Mtungi wa kilo 15 una kimiminika cha lita 27 hivi, ambacho kingetoa karibu lita 6,800 za gesi. Kama isingekuwa mgandamizo, familia ingelazimika kwenda dukani na mapipa 34 ya lita 200 kila moja ili kupata nishati inayobebwa leo na mtu mmoja begani.

Maarifa hayo hayakupatikana kwa siku moja. Mwaka 1823, mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliifanya gesi ya klorini kuwa kimiminika kwa kuikusanya ndani ya bomba la kioo lililozibwa, akaonyesha kuwa kinachoitwa gesi ni hali tu, si aina ya kitu. Karibu karne moja baadaye, kuanzia mwaka 1910, mkemia Mmarekani Walter Snelling alichunguza kwa nini petroli ilikuwa ikipotea kwa kugeuka mvuke, akazitenga propeni na buteni zilizokuwemo. Hapo ndipo biashara ya gesi ya mitungi ilipoanzia.

Kwa nini gesi ya Songo Songo haimo mitungini

Swali ambalo husikika mara kwa mara mitaani ni kwa nini Tanzania, yenye gesi asilia Songo Songo na Mnazi Bay, bado inaagiza gesi ya kupikia kutoka nje kwa meli. Sehemu ya jibu imo katika fizikia.

Gesi ya Songo Songo, ambayo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004, kwa sehemu kubwa kabisa ni methani, wala si propeni na buteni. Methani haikubali kubanwa ikawa kimiminika katika joto la kawaida.

Kila gesi ina joto lake la ukomo. Likishapita kiwango hicho, hakuna mgandamizo unaoweza kuigeuza gesi hiyo kuwa kimiminika, hata ukiwa mkubwa kiasi gani. Jambo hilo lilibainishwa na mwanasayansi Thomas Andrews wa Belfast katika miaka ya 1860, alipokuwa akiichunguza hewa ya ukaa, ambayo ukomo wake ni nyuzi 31.

Joto la ukomo la propeni ni takriban nyuzi 97, na la buteni ni nyuzi 152, viwango ambavyo haviwezi kufikiwa na hali ya hewa ya mji wowote. Lakini ukomo wa methani ni karibu nyuzi 83 chini ya sifuri. Katika mji wenye joto la nyuzi 30, methani itabaki kuwa gesi hata ikikandamizwa vipi.

Kwa sababu hiyo, methani husafirishwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni bomba, kama linalofikisha gesi viwandani, katika mitambo ya umeme na katika baadhi ya nyumba. Ya pili ni kuibana ikiwa bado gesi, kwa mgandamizo wa takriban mara 200 ya ule wa angahewa, katika mitungi mizito ya magari na bajaji zinazotumia gesi asilia. Mtungi wa jikoni haukutengenezwa kwa mgandamizo huo, na kamwe hauwezi kutumika badala yake.

Njia ya tatu ni kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ambapo methani hugeuka kimiminika na ujazo wake kupungua kwa takriban mara 600. Hiyo ndiyo kazi inayokusudiwa katika mradi mkubwa wa gesi ya kina cha bahari ambao umejadiliwa kwa miaka mingi mkoani Lindi, na ndiyo inayoufanya kuwa wa gharama kubwa.

Mgandamizo hausemi kiasi kilichobaki

Elimu hii inagusa pia mfuko wa mnunuzi. Wengi hudhani kwamba gesi ikitoka kwa nguvu basi mtungi umejaa. Dhana hiyo si sahihi.

Maadamu kuna kimiminika ndani ya mtungi, hata kama ni kikombe kimoja, mgandamizo wa mvuke ulio juu yake hutegemea zaidi joto la kimiminika kuliko wingi wake. Mvuke ukitoka, kimiminika huchemka kidogo na kuijaza nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo mtungi uliojaa na ule uliobakiwa na robo, vikiwa katika joto moja, husukuma gesi kwa nguvu inayokaribiana. Kimiminika kinapokwisha ndipo mgandamizo huporomoka, na moto huzimika wakati ugali ukiwa jikoni.

Kipimo cha uhakika ni uzito. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe, na mnunuzi anapaswa kuujumlisha na uzito wa gesi aliyoilipia. Mathalani, mtungi wenye uzito wa kilo 14 ukiwa mtupu, uliouzwa kama mtungi wa kilo 15, unapaswa kusoma kilo 29 kwenye mizani. Mizani ikisoma kilo 27, mnunuzi amepunjwa kilo mbili, hata kama muhuri wa plastiki unaonekana mzima na moto unawaka kwa nguvu.

Mnunuzi asione haya kumtaka muuzaji aupime mtungi mbele yake. Kuutikisa, kuugonga au kuusikiliza hakuwezi kuchukua nafasi ya mizani.

Mtungi kutoa jasho na baridi

Jambo lingine linalowashangaza watumiaji ni mtungi kuwa wa baridi, kutoa jasho na wakati mwingine kufunikwa na ukungu mweupe wa barafu, hasa kwa mama lishe na wauza chipsi wanaotumia majiko makubwa kwa saa nyingi.

Sababu ni kwamba kimiminika hakiwezi kugeuka gesi bila kula joto. Joto hilo, ambalo wanafizikia huliita joto fiche, huchukuliwa kutoka katika kimiminika chenyewe, katika chuma cha mtungi na katika hewa iliyo jirani. Ni kanuni ile ile inayomfanya mtu aliyetoka kuoga ahisi baridi upepo unapompiga, maji yaliyo mwilini yakiwa yanakauka.

Gesi ikitolewa kwa kasi kuliko joto linavyoweza kuingia kutoka nje, kimiminika hupoa, mgandamizo hushuka na moto hufifia, ingawa gesi ingalimo. Katika maeneo ya baridi kama Makete, Njombe na Lushoto, hali hiyo huonekana mapema zaidi nyakati za kipupwe, hasa ikiwa mchanganyiko una buteni nyingi. Aidha, propeni hutangulia kutoka kwa wingi, kwa hiyo kinachobaki mwishoni ni buteni zaidi, ambayo ni nzito kuvukika.

Tiba salama ni kutumia mtungi mkubwa zaidi unaolingana na jiko, au kuupumzisha mtungi upate joto la hewa yenyewe. Kuulaza ubavu au kuupindua ni hatari, kwa sababu badala ya mvuke, kimiminika ndicho kinachoingia katika kidhibiti na bomba. Kidhibiti hutengenezwa ili kushusha mgandamizo wa mvuke hadi kiasi kidogo tu, takriban asilimia tatu juu ya ule wa hewa ya nje. Kimiminika kikipita hapo na kufika jikoni, kila tone hupanuka mara 250 na moto huruka juu.

Jokofu la nyumbani hutumia kanuni hiyo hiyo kwa manufaa. Mashine yake hukandamiza gesi hadi iwe kimiminika na kutoa joto lake nyuma ya jokofu, kisha hukiachia kimiminika hicho kivukike ndani ya mabomba kikinyonya joto la chakula. Majokofu mengi ya kisasa hutumia aina ya buteni, ndugu wa gesi ya kupikia.

Hatari ya kuupasha mtungi moto

Hatari kubwa kuliko zote hutokea joto linapopewa nafasi ya kuushinda mgandamizo unaokibana kimiminika.

Mitungi haijazwi hadi juu. Huachwa nafasi ya takriban asilimia 15 hadi 20, kwa sababu kimiminika cha gesi hutanuka sana kinapopata joto, kuliko maji. Mtungi uliojazwa kupita kiasi wakati wa ubaridi wa asubuhi, ukiachwa juani mchana, unaweza kukosa nafasi ya kutanukia. Kimiminika hakibonyei, hivyo nguvu yote huishia kwenye chuma.

Hiyo ndiyo sababu wataalamu wa usalama hukemea vikali ujazaji wa kienyeji, ambapo gesi huhamishwa kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine katika vyumba vya uani. Anayefanya hivyo hana njia ya kujua nafasi iliyobaki, wala hakagui kama chuma kimeliwa na kutu, na kila anapofungua mpira gesi humwagika chumbani.

Mtungi ukizungukwa na moto, hali huwa mbaya zaidi. Kimiminika huchemka na mgandamizo kupanda. Sehemu ya chuma iliyoguswa na kimiminika hupozwa nacho, lakini sehemu ya juu, yenye mvuke mtupu, hupata joto haraka na kulegea. Mwishowe chuma hupasuka, mgandamizo hutoweka kwa kufumba na kufumbua, na kimiminika chote, kilicho na joto kubwa kuliko kiwango chake cha mchemko, hugeuka gesi kwa mara moja na kuwaka kama mpira wa moto.

Dunia imeshuhudia matokeo yake. Alfajiri ya Novemba 19, 1984, katika kitongoji cha San Juan Ixhuatepec, karibu na Jiji la Mexico, gesi ilivuja katika ghala kubwa la gesi ya kupikia ikashika moto, na matangi yakalipuka moja baada ya jingine. Watu wapatao 500 au zaidi walipoteza maisha, wengi wao wakiwa majumbani mwao.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu ya karibu. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko ulitokea katika eneo la Embakasi jijini Nairobi, mahali palipokuwa na shughuli za kujaza gesi katikati ya makazi ya watu. Watu kadhaa walikufa na mamia kujeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kituo hicho yalikuwa yamekataliwa.

Gesi inayotambaa sakafuni

Ajali nyingi za majumbani, hata hivyo, haziachi mtungi umepasuka. Husababishwa na uvujaji mdogo kwenye mpira, kidhibiti au vali.

Gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa, propeni kwa mara moja na nusu na buteni kwa takriban mara mbili. Ikivuja haipandi juu na kutokea dirishani, bali hutambaa sakafuni kama maji, ikajaa chini ya meza, uvunguni mwa kitanda na katika mashimo ya maji machafu, ikisubiri cheche.

Hesabu yake inatisha. Gesi hiyo huweza kuwaka ikiwa imefikia takriban asilimia mbili tu ya hewa ya chumba. Lita moja ya kimiminika ikivuja huwa lita 250 za gesi, kiasi kinachotosha kukifanya chumba chenye upana wa mita mbili, urefu wa mita mbili na nusu na kimo cha mita mbili na nusu kiwe tayari kulipuka. Vyumba vya ukubwa huo vimejaa katika miji ya Afrika Mashariki.

Kwa asili gesi hiyo haina harufu. Harufu kali inayofanana na kitu kilichooza huongezwa kwa makusudi, ili iwe mlinzi wa nyumba. Anayeisikia anatakiwa kufunga vali ya mtungi ikiwa anaweza kuifikia kwa usalama, kufungua milango na madirisha, kuwatoa watu nje na kutogusa swichi ya umeme, iwe kwa kuwasha au kuzima, kwa kuwa zote hutoa cheche. Simu ya kuomba msaada ipigwe nje, mbali na nyumba.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio na urefu wa mpira. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inatoka. Kutumia njiti ya kiberiti kutafuta uvujaji ni kulitafuta kaburi.

Mtungi uwekwe wima, mahali penye hewa inayopita, mbali na moto na jua kali, na ikiwezekana nje ya chumba cha kulala. Valvu ifungwe kila baada ya kupika, si kwenye jiko pekee. Mpira uliopasuka au kukakamaa ubadilishwe, usifungwe kwa kamba.

Si sababu ya kurudi kwenye mkaa

Hatari hizo hazimaanishi kwamba wananchi waikimbie gesi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa nishati za kupikia majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi wa kuni na mkaa huua kimya kimya, bila kishindo kinachowaita majirani.

Tanzania, kupitia mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, imejiwekea lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi katika matumizi ya nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Gesi ya mitungi ni miongoni mwa nyenzo zinazotegemewa, pamoja na umeme, gesi asilia na nyinginezo. Maana yake ni kwamba mamilioni ya mitungi itaingia katika nyumba ambazo hazijawahi kuwa nayo.

Mtungi huo hufuata kanuni zile zile za joto na mgandamizo ambazo Papin alizitumia katika chungu chake zaidi ya miaka 300 iliyopita. Ukipozwa kupita kiasi hunyima moto, na ukipashwa kupita kiasi huachia nguvu isiyozuilika. Wanaouza mitungi hiyo, wanaoikagua na wanaoipeleka majumbani wana wajibu wa kumweleza mtumiaji hayo kwa lugha anayoielewa, kabla hajawasha njiti ya kwanza.